Majibu ya damu ya baba yangu yasilale kwenye faili

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndo nimekuzidi basi marahaba. Mimi ni mama lishe hapa Tandika, gazeti lenu nalisoma karibu kila siku japo siku zingine linanifikia likiwa limeshafungiwa maandazi. Naona mnaandika sana habari za mashine za kusafisha damu, mara huku zimefungwa mpya, mara kule zimeongezwa, na ni jambo zuri kwakweli, sisemi vibaya, zamani watu wa figo walikuwa wanafia nyumbani tunasema karogwa. Ila kuna kitu kinatuumiza sisi wenye wagonjwa na hakionekani kwenye ile picha ya mheshimiwa anakata utepe. Ni kikaratasi tu. Kikaratasi cha majibu ya damu.

Baba yangu anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa 4 kila mara, huu mwaka wa pili. Enzi zake alikuwa karani bandarini, kazi yake kuhesabu mizigo inayoshuka melini, magunia ya ngano, ya sukari, baadae makontena, anaandika, anajumlisha, likipungua gunia 1 basi siku hiyo nyumbani hatulali. Mzee huyu ukimpa namba anaielewa kuliko mimi na wewe. Sasa mtu kama huyo ndo alikaa miezi 4 namba zake mwenyewe zinashuka ndani ya faili, faili liko kabatini mita 3 kutoka kwenye kiti chake, na hakuna aliyemwambia.

Nieleze vilivyokuwa. Pale tunapotibiwa, sitapataja, mwanzo wa mwezi nesi anamtoa mzee damu kwenye vichupa kabla hajamuunganisha na mashine. Baada ya siku mbili tatu majibu yanarudi, yanachomekwa kwenye faili, daktari anapita siku yake anaandika, faili linarudi kabatini. Ukiuliza unaambiwa "majibu yako vizuri mama, msiwe na wasiwasi". Na sisi namba tuliyokuwa tunaijua ni moja tu, kreatinini, yani taka ya kwenye damu inayotakiwa itolewe na figo, manake ndo hiyo iliyotufikisha pale, siku ya kwanza tunaambiwa figo zimefeli tulionyeshwa kreatinini imepita 1,100 na tangu siku hiyo ukoo mzima ukawa unauliza kreatinini, kreatinini, kama watu wanaouliza matokeo ya Simba na Yanga.

Basi nikawa naiulizia hiyo. Mwezi wa kwanza 980. Wa pili 850. Ukaja wa 720, halafu 610. Mhariri, tulifurahi jamani. Shangazi yuko Tanga akaandika Alhamdulillah kwenye grupu la familia, wajomba wakafuata na maua, mimi nikachinja jogoo. Na yule jogoo, mzee wetu hakumla, nilimwekea mchuzi na wali kidogo, nyama tukala sisi.

Kwa nini hakumla? Kwa sababu huko nyuma, figo zilipokuwa zimechoka lakini hazijafa, kliniki walituambia tumpunguzie nyama, samaki, mayai na maharage ili figo zisibebe mzigo mkubwa. Ushauri ule ulikuwa sahihi kwa wakati ule. Ila siku mzee anaanza mashine ushauri unageuka kabisa, mtu wa mashine anatakiwa ale protini nyingi kuliko hata mimi mzima, gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, manake mashine yenyewe ikisafisha inaondoka na protini iliyosagika, gramu 6 mpaka 12 kila unapokaa kwenye kile kiti. Geuzi hilo walijua madaktari. Mpishi hakuambiwa, na mpishi ni mimi. Nauza samaki na maharage kwa watu 60 kwa siku, baba yangu mzazi nampa uji na mchicha, tena kwa mapenzi.

Kuna jambo la mkanda. Mzee anapenda suruali yenye mkanda, mambo ya lastiki anasema ni ya watoto. Siku moja namkuta jikoni kwangu kapasha msumari kwenye mkaa anatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Baada ya mwezi akatoboa lingine. Nikaenda kwa nesi nikamwambia sista, mzee anakonda. Akanionyesha mzani, akaniambia kwa upole kabisa, mama, uzito wake akimaliza mashine ni 58 ileile, toka mwezi wa kwanza. Na kweli ilikuwa 58. Nikarudi nyumbani najiona mjinga, ila tundu za mkanda nimeziona kwa macho yangu.

Sasa ndo nikaja kuelewa baadae. Hawa watu wa mashine wana kitu kinaitwa uzito mkavu, yani uzito wake akishatolewa maji yote ya ziada. Mzee hakojoi tena, maji anayokunywa yanakaa mwilini mpaka mashine iyatoe. Nyama ikipungua kilo 2 na wao bado wanamwacha kwenye 58, maana yake zile kilo 2 zimejazwa maji. Mzani hauoni tofauti, kwake kilo ni kilo. Presha ikapanda, asubuhi macho yamevimba, usiku anataka mito mitatu, tukasema ni uzee na chumvi.

Mwezi wa nne akiwa kwenye mashine akaanza kutetemeka, homa, meno yanagongana, tukamfunika kanga zangu mbili na blanketi la wodi. Wiki ile kulikuwa na daktari kijana anamshikia mwenzake zamu. Akalitoa faili, akafungua kurasa za nyuma, akawa anapitisha kidole juu kwenda chini, halafu akanyamaza. Akaniita pembeni. "Mama, uliwahi kuambiwa habari ya albumini?" Nikamwambia dokta mimi najua kreatinini tu. Akanigeuzia faili. 38. 35. 31. 27.

Hata mimi niliyeishia la saba naona hizo namba zinaenda wapi.

Naomba mhariri uniachie nafasi nieleze hapa maana najua kuna wenzangu wanasoma wako pale nilipokuwa mimi. Albumini ni protini inatengenezwa na ini, inaogelea kwenye damu, ndo inayoshika maji yabaki kwenye mishipa yasivujie miguuni na machoni. Mtu mzima mwenye afya anakuwa na gramu 35 mpaka 50 kwenye lita ya damu, na mtu wa mashine wanapenda awe kwenye 40 hivi au zaidi. Ikishuka kuna sababu sio moja. Inaweza kuwa chakula, kama mzee wangu. Inaweza kuwa maji yamejaa mwilini yanaizimua, kama supu uliyoongeza maji baada ya kuikoleza. Na inaweza kuwa kuna moto mahali fulani mwilini, yani uvimbe au maambukizi yaliyojificha, jino bovu, kifua, kidonda, hapo ini linapunguza kutengeneza albumini linahamia kwenye kutengeneza vitu vya kupigana vita. Yule daktari akaagiza kipimo kingine wanakiita CRP, ambacho kinapanda moto ukiwepo. Kikarudi kiko juu mno. Wakafungua bandeji ya ule mpira wa kifuani anaounganishiwa mashine, chini yake pale unapoingia ngozini kuna usaha.

Kwahiyo vilikuwa viwili kwa pamoja, mimi namnyima samaki na mpira unamuunguza ndani. Na ile kreatinini tuliyokuwa tunaishangilia, kreatinini inatoka kwenye misuli. Mtu ambaye bado hayuko kwenye mashine ikishuka mara nyingi ni kheri, figo zinafanya kazi. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi kabisa, mashine ileile, masaa yaleyale, ikianza kushuka mwezi hadi mwezi ujue misuli inaisha. Tulikuwa tunasherehekea nyama ya mzee inavyokwisha, shangazi anatuma maua.

Mdogo wangu wa mwisho anasoma famasia chuoni, yeye ndo akaanza kutuchimbulia. Akakuta kumbe habari hii sio mpya hata kidogo. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Lowrie na Lew, walichukua vipimo vya damu vya watu wa mashine zaidi ya 12,000 wakaangalia nani aliishi nani alikufa, wakakuta katika namba zote zile albumini ndo iliyotangulia kusema. Wenye albumini ya chini walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi, na hata wale wa kati ya 35 na 40, ambao mimi na wewe tungesema wako salama, hatari yao ilikuwa kubwa kuliko wa 40 na kuendelea. Na kreatinini ya chini nayo walikuta ni ishara mbaya. 1990! Mimi nilikuwa darasa la pili. Imekuwa utafiti juu ya utafiti tangu hapo na bado mwaka jana mtu ananiambia majibu yako vizuri mama.

Sitaki mtu asome hapa akaenda kumtisha mgonjwa wake. Namba hizi zinasema habari ya watu wengi kwa pamoja, hazisemi fulani atakufa lini, pale kwetu yupo mama wa makamo albumini yake haijawahi kufika 33 na anatupigia stori za harusi mpaka mashine inalia imemaliza. Na tena sio kwamba ukiipandisha namba kwa nguvu ndo umemtibu mtu. Dalili ya mvua ni mawingu, ila huwezi kuzuia mafuriko ya Jangwani kwa kupuliza wingu.

Mfano mzuri ni HB, yani kipimo cha wingi wa damu. Pale kuna baba mmoja kila wiki anagombana na manesi anataka aongezewe sindano ya kuongeza damu, anasema mtu mzima HB yake 14, kwa nini mimi mniache 11. Hasira zake nazielewa kabisa, mtu akiwa na damu kidogo hata ngazi 5 anahema. Ila Marekani walishajaribu jambo hilo, utafiti mmoja wagonjwa wa figo ambao walikuwa bado hawajaanza mashine waligawanywa, kundi moja wakasukumwa HB ifike 13.5, lingine wakaachwa kwenye 11.3, majibu yakatoka 2006, wale waliosukumwa juu ndo waliopata matatizo mengi zaidi ya moyo na vifo. Watu wa mashine nao walishajaribiwa kabla ya hapo na haikuwasaidia. Ndo maana madaktari wengi wanaishia kwenye 11.5 hivi. Yule baba hakuwahi kuelezwa hilo, aliambiwa tu "hapana mzee", na hapana bila maelezo mtu anaisoma kama ubahili.

Potasiamu sasa, yale madini yaliyojaa kwenye vitu kama madafu na ndizi, hii ndo inayoua haraka. Hizi zingine zinakula taratibu, potasiamu ikipita 6 moyo unaweza kusimama mtu akiwa anaangalia taarifa ya habari. Jirani wa kiti wa mzee, walikuwa wanataniana sana, mmoja Mzaramo mmoja Mnyamwezi unajua tena utani wenyewe, alikuwa anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kama sisi. Wikiendi moja wageni walikuja kwake na madafu. Jumatatu tulipofika kiti kilikuwa wazi, manesi wanatandika shuka jipya hawatuangalii usoni. Siwezi kusema ni madafu, hakuna aliyempima, ila siachi kuwaza. Kuna utafiti mwingine wa 2011, wa Marekani pia, watu zaidi ya 32,000, wakakuta vifo vinaongezeka baada ya ule mwachano mrefu wa siku 2, yani kwa watu wa ratiba yetu ni hiyo kutoka Ijumaa hadi Jumatatu. Kwahiyo Jumamosi na Jumapili ndo siku za kubana, na sisi waswahili ndo siku za harusi, maulidi, komunio, wageni na ndizi mbivu. Na wapo wenzetu wanakuja mara 2 tu kwa wiki sababu ya hela, hao mwachano mrefu kwao ni maisha.

Hapo hapo kwenye potasiamu nigusie kichekesho. Siku moja mzee majibu yake yalitoka 7.1, wakatupigia simu saa 3 usiku mrudisheni haraka, tukachukua bajaji mbio mpaka kule, wanapima tena ni 5.2. Kumbe vichupa vya asubuhi vilikaa muda mrefu kabla ya kufika maabara, tena vilirushwarushwa kwenye boksi la bodaboda, chembe za damu zikapasuka zikamwaga potasiamu yake humo ndani ya kichupa. Dereva wa bajaji alisikia stori yote akakataa kupokea nauli ya kurudi, akasema mzee huyu leo kafufuka.

Fosforasi, nayo ni madini ya kwenye chakula, nitaisema kifupi ingawa ndo iliyonisumbua jikoni kuliko zote, manake protini na fosforasi ni mtu na mdogo wake, ukimwita mmoja mwingine anafuata. Ikikaa juu miaka inaenda kugandisha chokaa kwenye mishipa ya damu na moyo, na ngozi inawasha mpaka mtu anajikuna kwa kitana. Nilichojifunza, samaki mbichi wa Feri ni bora kuliko dagaa wakavu maana wale unawala na mifupa, ute wa yai unampa protini na fosforasi kidogo sana, kiini ndo kina mzigo, nyama naichemsha kwanza yale maji namwaga, viazi navikata vidogo nachemsha namwaga maji nachemsha tena mengine, na soda nyeusi imekufa nyumbani kwetu, ile inawekewa fosforasi kiwandani na hiyo inaingia mwilini karibu yote. Na vile vidonge vya kalsiamu alivyopewa vya kunasa fosforasi, mzee alikuwa anavikusanya vyote vitatu anameza usiku akienda kulala, pamoja na vya presha, ili amalize. Miezi yote hiyo vilikuwa havinasi kitu, vinatakiwa viliwe pamoja na chakula, katikati ya matonge, ndo vikutane na hiyo fosforasi tumboni. Kikopo kimeandikwa 1x3 basi. Nani amwambie ni pamoja na ugali?

Narudi kwenye hoja yangu. Silalamikii manesi. Manesi wawili, viti 10, mashine inapiga kelele huku, mtu presha imeshuka kule, mwingine anatapika, nimewaona wanakula chipsi wamesimama. Sidhani kuna aliyekaa akapanga kutuficha. Ila utaratibu wenyewe ndo umejengwa hivyo, damu inatoka kwa mgonjwa inaenda maabara inarudi kwa daktari, mgonjwa hayumo kwenye hiyo njia. Na daktari ana mafaili mangapi, anaangalia ya mwezi huu tu, 35 peke yake haishtui mtu, 31 peke yake utasema atakula kidogo atapanda. Inashtua ukiziweka kwenye mstari mmoja. Na mtu mwenye muda wa kuziweka kwenye mstari mmoja ni yule mwenye damu.

Kwahiyo wanaohusika wakisoma hapa, naomba. Majibu ya kila mwezi mgonjwa apewe nakala, hata meseji kwenye simu, mbona benki wananikata 500 na wananitumia meseji. Yaandikwe kwa Kiswahili na pembeni iandikwe ya mwezi uliopita. Tuambiwe waziwazi namba ipi ikishuka ni kheri na ipi ikishuka ni balaa, maana kama ulivyoona sisi tulipiga vigelegele kwenye balaa. Siku ya kuanza mashine mpishi wa nyumbani aitwe, sio mtoto aliyesoma, mpishi, akae na afisa lishe nusu saa tu, mimi ningekaa hata masaa 4 yote. Halafu hili la bima, kwenye benchi la kusubiria nimekaa na watu wa vituo vingine wananiambia kwao albumini haipimwi mpaka ulipie pembeni, wanapimwa HB, yurea (taka nyingine ya kwenye damu) na potasiamu basi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapita tangu 2023, wanaopanga vifurushi wakumbuke na kichupa hiki, hakiwezi kuwa ghali kuliko kulazwa.

Na kile kipimo cha kuonyesha mashine imesafisha kiasi gani, nacho tuambiwe. Ni hesabu nyepesi, yurea kabla ilikuwa 30, baada ya mashine ikawa 10, imeondoka 20 katika 30, hiyo ni asilimia 67, na inatakiwa isipungue 65. Mzee alipoelezwa alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akasema kumbe ni kama kushusha meli tu, unaangalia ilikuja na ngapi imebaki na ngapi.

Mzee wenu anaendelea. Mpira ule ulitolewa, akapigwa dawa za sindano wiki kadhaa, baadae wakamfanyia fistula mkononi, yani mshipa umeunganishwa na mwenzake ili sindano ziingie hapo, na naomba majirani zangu wa Tandika waelewe sio ile fistula ya kina mama wanaojifungua, maana maneno yalishafika mpaka sokoni na mzee wa watu ana miaka 71. Uzito mkavu wakaushusha mpaka 55, presha ikatulia, mito mitatu imerudi mmoja. Samaki anakula mchana na usiku, asubuhi ute wa mayai 3, analalamika hauna ladha na mimi namwambia baba kula. Albumini haipandi kama bei ya sukari, yule daktari kijana alituambia ukiipata leo inaonyesha habari za wiki 3 nyuma, kwahiyo tulingoja. Ikaja 29. Ikaja 32. Mwezi uliopita 34.

Mzee ameninunulishia kaunta buku, kachora mistari kwa rula kama zamani, tarehe, albumini, potasiamu, fosforasi, HB, kreatinini, uzito mkavu, na safu ya mwisho kaandika MKANDA, tundu la ngapi. Jumatatu hii ndo siku ya vichupa. Nesi wa zamu ameshamzoea, akimwona anamwambia "haya karani, kalamu unayo?"

Wako msomaji,
Mama lishe, Tandika, Dar es Salaam